Bustani ya Nyuma ya Jiko Kabla ya Miezi ya Baridi

(Mada iliyosomwa na Kamati ya Bustani siku ya maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa, mkoani Njombe)



Awali ya yote tunawashukuru walioandaa sherehe hii kwa kuipa Kamati ya Bustani nafasi ya kusema machache. Tulipoambiwa tuandae mada, wapo waliouliza, jamani, bustani inahusiana nini na sanduku la akiba? Siku kama ya leo watu wanataka kusikia habari za hisa na gawio. Hizo Mama Mhazini atazisoma, tena kwa tarakimu. Sisi tumepewa majani.

Lakini hebu tulitazame hilo sanduku lenyewe. Lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa akina mama watatu, ili asitokee wa kulifungua peke yake. Tangu tulipoanza mwaka 2015, tumeona kwamba maneno ya mwombaji wa mkopo hubadilika kufuatana na mwezi. Novemba mama anaomba fedha ya mbolea. Januari anaomba ya sare na madaftari. Ukifika Julai, mama huyo huyo anakaa mkekani, anatazama chini, anasema, "Wenzangu, mboga." Mahindi anayo. Viazi vilishauzwa. Ila cha kulia ugali hakuna, na fungu la majani sokoni limepanda bei kila wiki. Mkopo wa mbolea huzaa. Mkopo wa mboga unaliwa jioni hiyo hiyo, na deni linakaa likimngoja mwenyewe mpaka mavuno yajayo. Ndiyo maana tumesimama mbele yenu.

Na liko jambo zito kuliko deni. Mkoa wetu unalisha watu. Malori ya viazi na kabichi yanatoka huku mchana na usiku kuteremka mjini. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wa umri chini ya miaka mitano katika Mkoa wa Njombe wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni kama watoto 30 katika kila 100. Majirani zetu wa Iringa hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Wataalamu wanatuambia kwamba sababu ni nyingi: maji yasiyo salama, maradhi, mama mjamzito kutopumzika, mtoto kulishwa mara chache kwa siku kwa sababu mama yuko shambani. Hatusemi kwamba tuta moja la mboga litayamaliza yote hayo. Tunasema kwamba mtoto anayekula ugali na chumvi kwa miezi mitatu mfululizo, nyumbani kwa mkulima, ni aibu ambayo sisi wenyewe tunao uwezo wa kuipunguza, tena kwa jembe tulilo nalo.

Sasa tuingie shambani.

Wenzetu wa Ulaya hujiandaa na baridi mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti yao yanapopukutika. Sisi tuko upande wa kusini wa ikweta, na baridi yetu ni Juni, Julai na Agosti. Kwa hiyo matayarisho yetu ni Aprili na Mei. Tena kwetu iko tofauti nyingine kubwa: baridi na ukame huja pamoja. Mvua iliyoanza Novemba inakatika mwishoni mwa Aprili au Mei, na baada ya hapo ni umande na manyunyu ya ukungu tu. Anayesubiri Juni ndipo akumbuke bustani, anakuta udongo umekauka, samadi haiozi, na mbegu inachukua muda mrefu kuota kwa sababu ardhi ni baridi. Mboga ya Julai huanza kutengenezwa siku ya mvua, mtu akiwa amejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuletewa kijitabu cha bustani kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, naye akatusomea. Kinasema tuta la wakati wa baridi liwekwe upande wa kusini wa nyumba, ili lipate jua. Huko kwao ni kweli. Huku kwetu mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na upepo mkali wa baridi unatoka kusini. Basi ukifuata kijitabu hicho utakuwa umeipeleka mboga yako kwenye kivuli na kwenye upepo, vyote viwili. Sisi tunasema: upande wa kaskazini wa jiko, karibu na ukuta. Ukuta wa matofali hunywa joto mchana kutwa na kulitoa taratibu usiku. Kuku wanalijua hilo siku nyingi. Tazameni wanapokaa asubuhi.

Jambo la mahali linahitaji kuelezwa vizuri, maana ndipo penye mzizi wa mambo. Wazee wetu walikuwa na vinyungu. Mvua ikikatika, kila nyumba inateremka bondeni, kwenye udongo mweusi wenye unyevu, inalima matuta ya mboga, maharage na mahindi ya kuchoma. Kinyungu kimelea watu wengi waliopo hapa leo, na hatuna nia ya kukidharau. Lakini mambo mawili yamebadilika au yameeleweka zaidi.

La kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya maji, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni karibu hatua 80 za mtu mzima. Sasa pigeni hatua hizo katika mabonde yetu membamba muone kinyungu kinabaki wapi. Wengine wanaona sheria hii imetuonea. Sisi katika kamati tumeijadili sana, na tulivyoona ni kwamba maji yakikauka juu huku, hata aliyelima kinyungu anabaki bila kitu. Lakini mwanamke aliyepoteza kinyungu bila kuonyeshwa mahali pengine amepoteza mboga ya watoto wake, na hilo nalo lisemwe waziwazi.

La pili ni baridi yenyewe. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Usiku usio na upepo hutiririka kama maji, inashuka mteremko, inakwenda kujikusanya bondeni. Ndiyo maana asubuhi ya Julai ukisimama mlangoni unaona bonde lote jeupe, nyasi zimevaa barafu, wakati uwanja wako juu mlimani una umande wa kawaida. Kwa hiyo bustani ya nyumbani, kama nyumba iko mtelemkoni, ina nafuu ambayo kinyungu hakina. Angalieni tu msijenge ua uliozibwa kabisa upande wa chini wa bustani, maana baridi itashuka, itagonga ua, itabaki humo humo. Acheni uwazi upande wa chini ipite iende zake. Ua mzito uwe upande wa juu na upande wa upepo.

Kuhusu ua tunaomba tusisitize. Mahindi yakishavunwa, mifugo hufunguliwa. Mbuzi wa jirani hajui mpaka, na kuku wa mwenyewe ndiye mwizi mkubwa kupita wote. Mianzi tunayo. Msimu wa ulanzi ukiisha, ile mianzi mikavu ikatwe, ipasuliwe, ifungwe ua kabla mifugo haijaachiwa. Akina baba, hii ni kazi yenu, na kwa kuwa ulanzi wenyewe mmeshaunywa, haitakuwa vibaya mkiushughulikia na mwanzi wake.

Tuje kwenye udongo. Udongo wetu wa juu huku una tindikali nyingi na mvua kubwa imeuosha rutuba. Kilo chache za mbolea ya dukani zinasaidia mahindi, lakini tuta la mboga linataka kitu kinachoshika maji. Kitu hicho ni mboji na samadi iliyooza. Mboji ianze kupangwa mwezi wa Machi, wakati majani mabichi yamejaa kila mahali na mvua inalowanisha yenyewe. Tabaka la mabua makavu yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi (alizeti mwitu ni mazuri sana, yanaoza upesi), samadi kidogo, udongo kidogo, majivu kiganja, na kurudia mpaka lundo lifike kiunoni. Funika kwa nyasi. Choma kijiti kirefu katikati ya lundo; baada ya siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, mboji inafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, inataka maji. Kikiwa baridi huku kinanuka, maji yamezidi, lipindue. Lundo lililopangwa Juni litakaa baridi hadi Septemba bila kubadilika kitu, na mwenyewe atasema mboji ni maneno ya semina.

Onyo moja: masalia ya viazi na nyanya yasiingie katika mboji. Viazi vyetu vina ukungu na vina mnyauko, na ugonjwa wa mnyauko unakaa udongoni. Mashina hayo yachomwe au yafukiwe mbali. Kwa sababu hiyo hiyo, tuta lililokuwa na viazi mwezi wa Machi lisipandwe nyanya baadaye. Kabichi, karoti au njegere hazina ugomvi hapo.

Umbo la tuta nalo linageuka na majira. Wakati wa mvua tunainua tuta ili maji yatoroke. Wakati wa kiangazi cha baridi, fanya kinyume chake. Chimba kama kijaruba, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kina cha kiganja kimoja kutoka usawa wa ardhi, changanya ndoo mbili za mboji kwa kila mita ya urefu, na kingo ziinuke kidogo. Maji utakayomwagia yatabaki pale pale. Juu tandaza nyasi zisizo na mbegu. Matandazo yanapunguza umwagiliaji sana. Ila yasikumbatie shina, acha nafasi ya vidole vinne, maana konokono na viwavi wa kukata miche hupenda kujificha hapo.

Maji ni swali ambalo kila mama atauliza, na ana haki. Anayeteka maji umbali wa nusu saa hawezi kuambiwa amwagilie ndoo kumi. Kwa familia ya watu sita, matuta mawili ya urefu wa mita tatu yanatosha kuanzia. Maji ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo na ya kunawa mikono yakusanywe kwenye ndoo moja karibu na mlango wa jiko. Maji ya sabuni nyingi ya kufulia yakae pembeni, au yapelekwe kwenye migomba. Mwagilia asubuhi jua likishaanza kupata nguvu. Wengi tumezoea jioni, na wakati wa joto jioni ni sawa, lakini wakati wa baridi maji ya jioni yanabaki juu ya majani na usiku yanaganda. Udongo uliomwagiliwa asubuhi hunywa joto la jua mchana na kulihifadhi hadi usiku. Udongo mkavu hauwezi kulihifadhi hivyo.

Basi tupande nini? Hapa ndipo wengi hupotezwa na wauza mbegu, maana pakiti zote zina picha nzuri. Yako mazao yanayovumilia baridi hata ya kugandisha kidogo: kabichi, sukuma wiki, figiri, chainizi, spinachi, karoti, vitunguu saumu. Tena sukuma wiki na karoti zilizopigwa na baridi huwa na utamu zaidi, kwa sababu mmea huongeza sukari ndani yake kujikinga. Wako wanaosema hiyo ni hadithi, waonje. Yako mazao yasiyovumilia kabisa: maharage, maboga, mchicha, nyanya, pilipili hoho, viazi vitamu. Usiku mmoja wa barafu, asubuhi majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Njegere ziko katikati: majani yake ni hodari lakini maua yake huungua, kwa hiyo zipangwe ili zitoe maua Agosti mwishoni.

Kitalu cha kabichi na sukuma wiki kisiwe baada ya katikati ya Aprili. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na inatakiwa iwe imeshika mizizi bustanini kabla ya mwisho wa Mei. Wiki moja kabla ya kuihamisha, punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo ili izoee. Mche uliodekezwa kitaluni unalala chini siku ya kwanza tu. Umbali wa kabichi ni sentimita 60 kwa 45. Wanaobana wanapata majani mengi na vichwa vya ngumi. Karoti hazihamishwi, zinapandwa moja kwa moja mahali pake, na mtu awe na subira nazo maana wakati wa baridi hukaa miezi mitatu hadi minne. Vitunguu saumu vinapandwa punje moja moja, ncha juu.

Katika kuchuma, tumekubaliana kamatini kwamba sukuma wiki ichumwe majani ya chini, na majani manne au matano ya juu yaachwe. Wakati wa baridi mmea unakua polepole sana. Anayechuma kama anavyochuma mwezi wa Februari atabaki na fimbo.

Yale mazao yasiyovumilia baridi nayo yasiachwe yaungue bure. Kabla ya Juni chuma majani ya maboga na ya kunde, yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili hivi, kisha yakaushe juu ya kichanja kivulini penye hewa, yamefunikwa kitambaa chembamba. Jua kali huharibu vitamini A iliyomo, na hiyo ndiyo tunayoitaka kwa ajili ya macho ya watoto. Maboga yakatwe pamoja na kikonyo chake, yapangwe darini bila kugusana. Boga lililokomaa vizuri litakaa miezi kadhaa. Bibi zetu waliyafanya haya bila semina. Sisi tukaja tukaona ni mambo ya kishamba, tukanunua kabichi ya lori.

Sasa usiku wenyewe. Ishara zake mnazijua: anga safi, nyota nyingi, hakuna upepo, na baridi inaingia mapema kabla watoto hawajalala. Wingu ni kama blanketi, likikosekana joto lote la ardhi linapanda juu na kupotea. Jioni kama hiyo funika kabla jua halijazama, wakati ardhi ingali na joto. Pinda fito za mianzi juu ya tuta kama mgongo wa nyumba ya msonge, tandika juu yake nyasi nyepesi, magunia yaliyofumuliwa au khanga zilizochakaa. Kifuniko kisiguse majani. Hasa plastiki, panapogusa pataungua. Vyandarua vya kulalia wamepewa watoto na mama wajawazito, humo ndimo wakae. Asubuhi jua likishapanda, fungua. Tuta linaloachwa limefunikwa kutwa linakosa mwanga na kuota ukungu.

Na kama jani limeungua, msikimbilie panga. Mara nyingi moyo wa mmea ungali hai katikati. Ngojeni siku tano, sita, muone unapochipua ndipo mkate yaliyokufa.

Wadudu wa wakati huu ni vidukari na viwavi wa kabichi. Vidukari vikianza, viko vichache chini ya jani, na vidole viwili vinatosha kuvimaliza. Maji ya sabuni kidogo yanasaidia. Utupa tunao uani, na majani yake yaliyopondwa na kulowekwa yanaua viwavi. Lakini kumbukeni utupa ndiyo ile sumu waliyotumia watu kuvulia samaki. Chombo chake kisioshwe kijitoni, watoto wasikichezee, na mboga iliyonyunyiziwa isichumwe siku hiyo hiyo. Dawa za dukani nazo zina siku zake za kungoja, zimeandikwa kwenye chupa. Kama maandishi ni madogo, mpe mtoto wa shule akusomee. Ndiyo kazi ya ile ada.

Kwa bibi zetu wanaolea wajukuu, na kwa wenzetu waliopanga vyumba mjini Njombe wasio na kiwanja, gunia linatosha. Gunia la kilo 100, katikati mwake unasimamisha kopo lisilo na kitako lililojaa changarawe, unazungushia udongo uliochanganywa na mboji, unalivuta kopo juu hatua kwa hatua mpaka gunia lijae. Mche unapandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni, na maji yanapita katika ile changarawe. Wakati wa baridi liegemezwe kwenye ukuta wa jiko, maana likisimama peke yake uwanjani linapoteza joto pande zote na linakauka upesi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumebakiza neno moja ambalo si rahisi, nalo ni la ardhi. Miaka ya karibuni parachichi limeleta fedha Njombe, na sisi si wapinzani wa fedha. Wapo wanachama waliolipa hisa zao zote kwa parachichi. Lakini tunaona miche inasogea. Ilianza shamba la mbali, ikaja shamba la karibu, sasa inapandwa hadi mlangoni, na pale nyuma ya jiko palipokuwa na sukuma wiki pana mashimo ya miparachichi. Mparachichi mchanga nao unaogopa baridi, unahitaji kujengewa kibanda cha nyasi kwa miaka yake ya mwanzo, na unakaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kukupa kitu. Katika miaka hiyo mtoto aliyezaliwa siku mche ulipopandwa amekwisha kupita umri ambao mwili wake ulihitaji mboga kuliko wakati mwingine wowote. Fedha ya parachichi mara nyingi inapokelewa na baba. Fungu la figiri linauzwa na mama, na jioni hiyo limekuwa chumvi, daftari na hisa ya Jumamosi. Akina baba, hatuwagombezi. Tunaomba hatua 20 kwa 20 nyuma ya jiko zibaki.

Kutokana na hayo, kikundi kimeamua mambo haya kuanzia msimu ujao. Mbegu za figiri, sukuma wiki, kabichi na karoti zitanunuliwa kwa pamoja mwezi wa Machi kutoka mfuko wa jamii, na kila mwanachama atakopeshwa kwa bei ya kununulia, bila riba, alipe Agosti. Atakayeomba mkopo wa mboga Julai hatanyimwa, maana mtu huugua, mtu hufiwa. Ila wawili kutoka kamati wataenda kumsaidia kulima tuta kabla msimu haujamalizika. Na kitalu cha pamoja kitakuwa kwa Mama Mwenyekiti, kwa kuwa kwake bomba liko karibu.

Kwa serikali ya kijiji tunayo maombi mawili. Kwanza, siku ya kufungulia mifugo itangazwe mapema mkutanoni, na mbuzi atakayekutwa bustanini mwenyewe atozwe, awe ni nani. Mwaka hadi mwaka tumeona faini hiyo inawahusu wajane kuliko wengine. Pili, bibi shamba wetu anafanya kazi nzuri na vijiji vyake ni vingi, lakini ratiba humleta kwetu Julai, wakati wa maonyesho ya Nanenane yanapokaribia. Tunaomba ratiba hiyo imlete wiki ya kwanza ya Aprili. Chakula cha mchana tutampikia, na mboga itakuwapo.

Miche ya mfano iko pale chini ya mti wa mpeasi, na Mama Katibu anaandika majina ya wanaotaka mbegu.